Saa Iliyorudi Sifuri Kibirizi

Saa moja na dakika mbili asubuhi, siku ya Jumanne, kompresa ya chumba cha baridi cha dada yangu pale Kibirizi, kando ya ziwa, iliacha kupokea amri ya kuwaka. Hakuna aliyegundua. Mlinzi alikuwa anafagia magamba mlangoni, dada alikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anabishana na wauza migebuka, nami nilikuwa dukani kwangu Rusimbi nakunywa chai ya rangi, mbele yangu karatasi za programu iliyoandikwa na mtu mwingine. Dakika hiyo niliipata siku mbili baadaye, kwa hesabu, na sikuipata kwa sababu ya werevu. Mashine ikishaeleweka inavyokosea, saa yake ya kukosea inajulikana kama saa ya adhana.

Kazi yangu ni kutengeneza redio, simu na kompyuta. Shule niliishia kidato cha pili. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua, na baada ya miaka ya kuzifungua nikataka kujua kilichomo ndani ambacho bisibisi haifiki. Kila kompyuta ina programu kuu inayogawa kazi kwa programu nyingine zote, na programu hiyo ina kiini chake. Kiini kikikosea, hakuna kingine chini yake cha kukisahihisha. Ndani ya kiini kuna vipande vinavyoitwa draiva, kila kimoja kwa ajili ya kifaa kimoja: hiki kinazungumza na kibodi, kile na spika, kingine na kompresa ya friji. Nilianza kuzisoma draiva jinsi watu wengine wanavyosoma magazeti. Nilikuwa nazipakua kwenye duka la intaneti, nazichapisha, nazisoma kwa penseli na rula.

Chumba cha baridi cha Kibirizi ni kontena lililovishwa sponji nene na bati. Kinaendeshwa na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, iliyotengenezwa na kampuni moja changa ya Dar es Salaam. Niliwahi kuitengeneza iliponyeshewa, nikawaandikia swali kuhusu draiva yake. Aliyenijibu alikuwa mhandisi aliyeiandika, mwanamke makini ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Baada ya barua pepe tatu nne akaanza kunitumia msimbo wake, yaani maandishi ya programu, niukague kabla haujapokelewa na kampuni. Walinilipa kidogo. Ningeifanya hata bila malipo, ila sikuwaambia.

Ninakagua kwa awamu. Mara ya kwanza nasoma njia za kushindwa tu: kifaa kisipojibu, kumbukumbu ikikosekana, programu inarudi vipi, na inarudisha ilivyoviazima? Mara ya pili nasoma kufuli tu, yaani zile sehemu ambazo kazi mbili haziruhusiwi kuingia kwa pamoja. Ninatafuta aliyefunga akasahau kufungua. Mara ya tatu nasoma namba. Kila namba naiuliza imetoka wapi, inaweza kukua mpaka wapi, na ikifika huko itakuwaje.

Ni katika awamu ya tatu nilipoona. Kompresa ikizima haitakiwi kuwaka tena kabla ya dakika tano kupita, la sivyo inaungua. Kwa hiyo draiva ilikuwa inaandika pembeni wakati ambao ruhusa ya kuwaka itaanza, kisha inasubiri saa yake iupite wakati huo. Saa yenyewe ilikuwa namba inayohesabu sehemu za elfu moja za sekunde tangu mashine ilipowashwa, na namba hiyo ilipewa nafasi ndogo. Ikijaa, inarudi sifuri, kama mita ya pikipiki iliyozunguka tisa zote. Inajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba. Ikirudi sifuri wakati kompresa imepumzika, ile ruhusa iliyoandikwa pembeni inabaki mbele sana, na mashine itakaa kimya ikiisubiri saa ipande tena kwa wiki saba. Kama kompresa iko kazini dakika hiyo, haitokei chochote. Ni suala la kukutwa umekaa au umesimama.

Juu ya mstari huo mhandisi alikuwa ameacha maelezo kwa Kiswahili: kifaa huzimwa kila mbalamwezi, hakitafika huko.

Hakuwa amebuni. Alikuja Kibirizi wakati wa kufunga mashine, akakaa wiki nzima, akauliza maswali. Kwetu dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Siku za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, wanalala, wengine wanakwenda kusalimia kwao. Samaki wa vyumba vya baridi wanauzwa mpaka vinakuwa vitupu, vinazimwa, vinaoshwa, umeme unapumzika. Giza likirudi, vinawashwa. Kwa kuzimwa hivyo kila mwezi, ile saa ilikuwa inaanza upya bila mtu kujua kwamba ilikuwa inaokolewa.

Nilimwandikia kwamba desturi ya mwalo haimo ndani ya mashine, na mashine haiwezi kuitegemea. Alikubali kabla ya adhuhuri ya siku hiyohiyo. Akabadilisha mistari miwili: badala ya kuuliza ni wakati gani mkubwa kuliko mwingine, draiva sasa ilikuwa inatoa mmoja kutoka kwa mwingine na kuangalia tofauti, ambayo haijali saa ikirudi sifuri. Nikaisoma mara tatu. Nikaandika chini yake, kama ilivyo kawaida ya kazi hii, kwamba imekaguliwa na mimi. Ikapokelewa.

Ilikuwa imebaki kuiingiza kwenye mashine. Ile ya Kibirizi haina mtandao. Toleo jipya linaingizwa kwa kadi ya kumbukumbu, mashine ikiwa imezimwa, na boksi lake lina lakiri ya kampuni ambayo fundi wao peke yake ndiye anayeruhusiwa kuikata. Fundi huyo anaishi Kidahwe na anahudumia vyumba mpaka Kasulu. Tulipatana, yeye na mimi na mhandisi, kwamba ataiingiza mbalamwezi ijayo, mashine itakapokuwa imezimwa tu kwa kawaida yake.

Mwezi huo dada hakuzima.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka saba na ameuza samaki tangu beseni lilipokuwa linamzidi kichwa. Mama alipofariki alituachia shamba la michikichi Kidahwe. Mafuta ya mawese ya nyumba zetu zote mbili yalitoka humo. Mwaka huu dada alikuja na mpango: mnunuzi mmoja wa Dodoma alitaka lori zima la migebuka na sangala waliogandishwa, kwa mkupuo, na alitaka wafike katikati ya mbalamwezi, samaki wanapokuwa adimu. Kujaza lori ilihitaji kununua kwa giza mbili na kuvuka mbalamwezi moja bila kuuza. Mtaji hakuwa nao. Aliniomba nikubali michikichi iuzwe. Nilikaa nayo wiki moja, nikapitia hesabu zake mstari kwa mstari, nikakuta ziko sawa. Nikaweka saini.

Aliniambia jambo hilo la kutozima kama mtu anayekuambia atachelewa kula. Fundi alikuwa ameshamjulisha kuhusu kadi, naye akamjibu arudi mwezi mwingine. Nikaenda Kibirizi. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anahesabu maboksi kwa kidole. Nikamweleza kuhusu ile namba, polepole, kwa mfano wa mita ya pikipiki.

"Sasa mashine inajaa nini? Maji?"

"Inajaa muda, dada."

"Muda haujai, mdogo wangu. Muda unaisha." Akacheka, akawaambia wanawake waliokuwa wanaanika dagaa karibu naye kwamba mdogo wake alianza kuhesabu mabati ya nyumba za watu kabla hajajua kunawa mikono. Nao wakacheka. Nilisubiri wamalize.

Nikamwambia si lazima kuingiza kadi. Azime tu na kuwasha, mara moja, hata kwa dakika kumi, na saa itaanza upya. Hapo akaacha kucheka. Mwaka uliopita mashine ilizimika umeme ulipokatika, na uliporudi ikagoma kuwaka siku nzima, fundi akiwa Kasulu. Alimwaga mzigo. Wakati ule ulikuwa maboksi sita.

"Humu ndani kuna shamba la mama," alisema. "Nizime kwa mkono wangu, isipowaka nitamwambia nani?"

Lilikuwa swali la haki. Tukakubaliana kwamba itazimwa siku ambayo fundi amesimama pale pale na vifaa vyake, na akiwa hapo aingize kadi. Nikahitaji tarehe ya mwisho. Nikamuuliza mashine iliwashwa lini.

"Giza lilipoingia," akasema. "Alhamisi ile watu walipotoka."

Alhamisi ile niliikumbuka mwenyewe. Mitumbwi yote ilikuwa imetoka na taa zilionekana mpaka Rusimbi. Nikahesabu wiki saba mbele, nikapata Alhamisi nyingine, nikaongeza zile saa kumi na saba, nikapata Ijumaa. Kwa tahadhari nikapanga fundi aje Jumatano. Nikampigia simu. Akasema Jumatano atakuwepo, na kwamba dada yangu amwekee sangala mmoja mnene kwa ajili ya usumbufu.

Jumanne usiku mvua ilinyesha. Jumatano asubuhi fundi akanipigia kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," halafu akasema barabara ya kutoka kwake imeharibika na pikipiki haipiti, je, akija Alhamisi atakuwa amechelewa? Nikaangalia hesabu yangu. Nikamwambia hapana, Alhamisi bado tuko salama.

Wakati tunazungumza, kompresa ilikuwa imekaa kimya zaidi ya siku nzima.

Mlinzi hakushtuka kwa sababu mashine haikuwa kimya. Feni za ndani hazisimamiwi na draiva ile. Ziliendelea kuzunguka na kuvuma, na mtu wa nje anasikia mvumo tu. Feni bila kompresa zinafanya kazi mbaya: zinasambaza joto kila kona, na mota zake zinaongeza la kwao. Chumba kilikuwa kimeshajaa, na mlango dada alikuwa ameukataza kufunguliwa mpaka lori lifike, kulinda baridi. Kipimo cha joto kimo ndani ya boksi lenye lakiri.

Alhamisi, saa tano kasoro asubuhi, tulifika watu watatu: dada, fundi na mimi. Fundi alikuwa na matope mpaka magotini na alikuwa anamtania dada kuhusu sangala wake. Aliponyanyua komeo la mlango maji yalitoka chini ya kizingiti, membamba, yenye rangi ya waridi. Akafungua kiasi cha kuingiza uso. Kisha akafunga.

"Umefunga nini?" dada alimuuliza. "Fungua."

Hakufungua. Alibaki ameshika komeo, ananiangalia mimi.

"Fungua, baba," dada akasema, safari hii kwa sauti ya chini, na fundi akafungua.

Sitaeleza harufu. Maboksi ya chini yalikuwa yamelegea na kubanwa na yale ya juu. Dada aliingia, akachukua mgebuka mmoja kutoka boksi la katikati, akaubonyeza tumboni kwa kidole gumba jinsi anavyofanya kila siku kwa samaki wa watu wengine. Akaurudisha mahali pake, ukiwa umelaliana na wenzake vizuri. Akachukua wa boksi jingine. Alifanya hivyo kwa muda mrefu.

Fundi alikata lakiri. Kipimo kilikuwa kinaonyesha nyuzi kumi na tisa juu ya sifuri. Alizima swichi, akahesabu kwa midomo, akawasha. Dakika tano zikapita tukiwa tumesimama. Kisha kontakta, ile swichi kubwa ya kompresa, ikagonga na kompresa ikaanguruma kwa nguvu zake zote, kama siku ya kwanza.

Dada akatoka nje akiwa ameshika ukingo wa mlango.

"Kumbe inawaka," alisema.

Nilitaka kumwambia fundi aizime, kwa sababu sasa ilikuwa inagandisha uozo. Niliuliza kitu kingine. Nilimuuliza fundi mashine iliwashwa siku gani. Akanishangaa.

"Jumatatu. Saa nane mchana hivi."

"Dada alisema Alhamisi."

"Alhamisi samaki waliingia. Mimi niliwasha Jumatatu. Kontena hili halipoi kwa siku moja, mzee. Ukimwingiza samaki kwenye chumba cha moto unamchemsha. Kila giza nawasha siku tatu kabla."

Dada alisema kweli. Kwake mashine huanza samaki wanapoingia, na kabla ya hapo ni kontena tu. Fundi alifanya kazi yake inavyotakiwa, na ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyewahi kulitaja. Mimi nilikuwa na Alhamisi iliyotoka kwa mtu ninayemwamini, na nikaijengea hesabu iliyokuwa sahihi kila mstari. Jumatatu saa nane mchana, ongeza wiki saba, ongeza saa kumi na saba na dakika mbili: Jumanne, saa moja na dakika mbili asubuhi. Usiku ule chumba kilikuwa kimefungwa na hewa ilikuwa ya baridi, kwa hiyo kompresa ilikuwa imeshapoza, ikakaa kupumzika. Kama mlango ungekuwa umefunguliwa mara moja tu alfajiri, kompresa ingekuwa inafanya kazi saa ile, au kama umeme ungekatika mara moja katika wiki zile saba, saa ingeanza upya, na hadi leo tusingejua.

Mchana fundi aliingiza kadi. Sikujua kama nicheke. Alifanya kazi yake kwa utulivu, akafunga lakiri mpya, akaondoka bila kumwuliza mtu habari za sangala.

Mhandisi nilimwandikia jioni. Alinipigia simu, mara ya kwanza kusikia sauti yake. Kisha akaniuliza jina la kumwita dada yangu kwa heshima, akaomba azungumze naye. Dada alikataa simu; alisema hana ugomvi na binti wa watu. Kampuni ilijibu wiki iliyofuata kwa barua fupi: mkataba unahusu mashine, hauhusu kilichomo ndani, na tena hitilafu hiyo ilikuwa imesharekebishwa kabla ya tukio. Yote mawili ni kweli. Marekebisho yapo, na chini yake kuna mstari unaosema yamekaguliwa, na jina langu.

Naendelea kukagua. Nimeongeza awamu ya nne. Namba yoyote inayotoka kwa mtu, naomba aniambie aliiona wapi kwa macho yake. Mhandisi naye ameweka amri ndogo kwenye kompyuta ile inayoonyesha kwa nje, kwenye kioo, siku ambazo mashine imekuwa macho. Dada hajaiona. Harudi kwenye kontena lile. Limekodishwa na mtu mwingine. Yeye amerudi kuuza kwa beseni, pembeni ya wanawake wale wale, na nikipita ananisalimia kabla sijamsalimia, jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo wake kwetu. Ningependa anitukane. Mafuta ya mawese sasa tunanunua kwa chupa, kila mtu kwa fedha yake, na nimeshamkuta dukani Ujiji ananusa chupa, akaifunga na kuirudisha.

Hesabu alinipa mimi niifanye, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nimeipitia mwanzo. Shamba la michikichi liliuzwa milioni kumi na nne. Akiba yake aliyoongezea ilikuwa milioni nne. Mzigo ule, baada ya kuanikwa juani juu ya mchanga siku nne, ulichukuliwa na mfuga kuku kwa milioni moja, laki mbili na elfu sitini. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma mpaka chini, akaniuliza kama nimehakiki, nikamwambia nimehakiki mara tatu. Zilizopotea ni shilingi milioni kumi na sita, laki saba na elfu arobaini.